Niliambia mama yake "Tuseme hapana"

Admin, aksanti kwa kuficha jina yangu. Niko muke wa miaka 32, nilizaliwa Butembo, natayarisha doctorat ya mathématiques, hesabu. Musiniulize inasaidia nini, ata baba yangu anauliza hivyo kila Noeli. Mais kuko kitu kinanikula, na sina mutu wa kuelezea. Padiri aliniambia niombe. Naomba, haitoke.

Nilikuwa nasoma na kijana moja wa Kalunguta. Tumuite Kambale. Huku kwetu kila nyumba yenye batoto banaume babili iko na Kambale wake, njo jina ya ule wa pili, donc hamutamujua. Tulikuwa tunafanya recherche moja, juu ya njia. Unachora ma point, unachora mishale yenye inatoka point moja kwenda ingine, kisha unajiuliza: mutu akitoka fasi yake, ata bakate barabara moja, atapata namna ya kurudia? Shiye tulisema ndiyo, kama ile réseau ya ma point na mishale imejengwa muzuri, kila point iko na njia ya kurudia. Kambale njo alipata démonstration, ile ya kuhakikisha kwamba ni kweli. Na alikuwa na maneno yake: mbele ya kuhakikisha kitu, anagonga craie, ile chaki, ku tableau, anasema, "Tuseme hapana." Hakuwa anaisema na Kifaransa, ata prof akiwa pale. Kisha anafuata ile hapana polepole mpaka inafika fasi yenye inajikataa yenyewe, inaanguka. Nilikuwa namuchekelea: "Weye, siku utaniomba tuoane, utaanza na tuseme hapana?" Akanijibu, "Njo vile. Juu najua utakubali."

Juma moja mbele ya séminaire yenye tulipashwa kuonyesha ile démonstration, alienda Kasindi kusalimia dada yake. Ku kurudia, bantu ba silaha balisimamisha gari yenye alikuwa ndani, mu njia. Balilichoma. Bamoja balikufa palepale, bengine balipelekwa mu pori. Kambale hakuonekana ku bale benye balikufa, hakuonekana ku bale benye balitoroka. Vita ya huku inafanyaka vile, inakunyanganya mutu na inakunyima ata kaburi.

Nilienda kwao Kalunguta. Mama yake alinikamata mukono mbele ata nikaikale. "Binti yangu, weye njo unamujua kupita shiye bote. Alikufa?" Nilifungua kinywa, na neno yenye ilitoka ilikuwa ya Kambale: "Tuseme hapana, Mama."

Akapumua. Akasema "Wasingya," akanishukuru vile, akaenda kuweka maharagi ku moto. Tangu ile siku hakuna kilio kwao. Baba mudogo wa Kambale akileta ile habari ya kifo, Mama anamukata: "Ule wa masomo alisema hapana." Akipika bugali, anatosha ya Kambale, anaifunika na sahani.

Séminaire ilisukumwa, kisha ikafanyika Butembo. Banafunzi ba doctorat balitoka Goma, Bunia, ata Uganda. Mama wa Kambale naye alifika, amevaa kikwembe yake ya Pasaka, akaikala mbele kabisa katikati ya ba prof. Niliandika majina mbili ku tableau, yangu na ya Kambale, na yeye akatikisa kichwa. Vizuri. Mais nilipofika ku démonstration, nilisema tu "Supposons", njo "tuseme" ya Kifaransa, craie ikakatika mu mukono yangu. Nawaapia, nilisikia mutu anagonga craie nyuma yangu. Sikugeuka. Nikajikuta nasema na Kiswahili mbele ya bale bageni bote: "Tuseme hapana. Tuseme kuko moja mwenye hana njia ya kurudia."

Mama akasimama. "Hapana! Usiseme vile!"

Prof moja wa Bunia, mwenye hakumujua, akamwambia na upole: "Mama, ikala. Ile hapana itaanguka yenyewe." Akaikala. Nikaendelea, mustari kwa mustari, mpaka ikaanguka. Nikasoma mustari wa mwisho: "Donc, kila moja iko na njia ya kurudia."

Mama akapiga bigelegele. Bigelegele ya ndoa, bantu bangu! Hakuna ata moja mwenye alicheka. Ule prof wa Bunia alitosha miwani, akaangalia chini.

Sasa Kalunguta yote inajua kwamba ba prof bamehakikisha Kambale atarudia. Na banataka kuchapa kitabu cha séminaire, prof wangu ananiambia mbele ya jina ya Kambale niandike "feu", maana yake marehemu. "Tuko bantu ba science, Madame." Lakini science gani? Sina preuve ata moja kwamba alikufa. Baba mudogo naye ananipigia simu: "Weye njo ulimupatia ile hapana, kuya umunyanganye. Shemeji yangu anaisha." Ni kweli, amekonda, ile kikwembe inamuzunguka mara mbili. Na miye bado sijalia ata siku moja. Nitalia juu ya nani, kama nilisema hapana?

Mais ile yenye inaninyima usingizi, sijaambia mutu. Shiye ba mathématiciens hatusemake "tuseme hapana" ovyo. Tunaisemaka juu ya kitu chenye ndani ya roho tumesha jua kwamba ni kweli. Kambale mwenyewe aliniambia akicheka: juu najua utakubali. Donc Mama aliponiuliza kama mutoto wake alikufa, na kinywa yangu ikajibu vile mbele nifikiri... Yeye alisikia hapana. Miye nilijisikia nikisema ndiyo.

Yenga yenye inakuya, Jumapili kisha misa, Mama ananingojea. Anasema atanichinjia kuku, juu nilimuletea habari njema mbele ya ba prof. Bandugu, munishauri: nimufasirie ile neno, ao nikule ile kuku na ninyamaze?