Mahakama Isiyo na Baraza

Kwetu kijijini mahakama ilikuwa chumba kimoja cha bati, lakini mbele ilikuwa na baraza refu la saruji. Hapo nilikaa na baba siku ya kesi ya mbuzi wa jirani aliyemaliza mihogo yetu. Mbuzi mwenyewe aliletwa, akaanza kutafuna mkeka wa mtu. Basi tukakaa. Karani akitoka anashika nguzo, anapaza jina lako mpaka wanaochota maji bombani wanasikia. Hujaitwa, huingii. Ukiingia, huna adabu.

Sasa nije Toronto. Mtoto wa dada yangu alikamatwa kwa ugomvi wa kazini, na mimi ndiye niliyetakiwa kumdhamini ili alale kwake. Mkewe akaniambia, tukutane mahakamani saa tatu. Nikatoka mtaani kwangu Mount Dennis na basi, nikafika mapema. Jengo hilo! Mawe ya kahawia, mnara wenye saa, milango ya matao, na juu ya nguzo nyuso za mawe zimenuna kama zinaumwa meno. Nikatafuta baraza. Hakuna. Nikakaa kwenye ngazi.

Akaja mama mmoja anayetembeza wageni. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, ila nilishika kwamba zamani zilikuwa ofisi za mji, mahakama imehamia baadaye, na mawe yaliletwa kwa treni. Akaeleza ngazi, akaeleza madirisha ya vioo vya rangi. Mahali pa kungojea hakupataja.

Saa ya mnarani ikalia. Ikalia tena. Hakuna aliyetoka kuita.

Mara mke wa mpwa wangu akatoka mbio, macho mekundu.

"Mjomba! Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nangoja kuitwa."

"Uitwe na nani? Huku watu wanaingia wenyewe! Mimi niliogopa kutoka, lisije jina lake likasomwa."

"Limesomwa?"

"Limesomwa, Mjomba. Mdhamini hayupo. Amerudishwa ndani mpaka Jumatatu."

Nilitaka kugombana na mtu, lakini na nani? Na mawe? Jumba zima lile, pesa yote ile ya kuchonga nyuso, wakashindwa kuweka baraza na mtu wa kupaza sauti.

"Jumatatu nije saa ngapi?"

Akafuta macho kwa mtandio. "Pumzika tu, Mjomba. Atakuja kaka yangu."

Nikashuka ngazi, nikavuka barabara bila kugeuka. Pale sijakanyaga tena.