Swali la Kumi na Mbili

"Shangazi, mtoto asiyekutazama machoni ana adabu au ana shida?"

Odeta alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, amembebea shangazi yake Evelina mfuko wenye karatasi za maswali, wakitoka kwa mama Masele kule Igogo. Evelina, fundi cherehani wa sare za shule, alikuwa ameacha mashine yake mwezi mzima afanye kazi ya utafiti, akipita nyumba kwa nyumba na kuuliza watu wanajua nini kuhusu usonji.

"Tembea, mwanangu. Jua linachoma," alijibu.

Swali la kumi na mbili kwenye karatasi hizo ndilo lililomsumbua. Lilitungwa nchi za mbali, likatafsiriwa: mtoto mwenye usonji huepuka kutazama watu machoni, kweli au si kweli? Mama Masele, akigeuza dagaa juani, alicheka mpaka akashika kiuno.

"We Evelina! Mtoto amkodolee mkubwa macho, ili iweje? Wangu huyu ana miaka minne, hajawahi kunikazia macho hata siku moja. Hayo ni malezi, siyo ugonjwa. Andika hivyo hivyo!"

Masele mwenyewe alikuwa pembeni akipanga vizibo vya soda mstari mmoja, hageuki hata akiitwa. Evelina akaweka alama: si kweli. Zahanatini nako muuguzi akajibu vilevile, tena kwa kujiamini. Katika karatasi arobaini, thelathini na moja zilisema si kweli, ilhali jibu lililotakiwa lilikuwa kweli.

Akamfuata msimamizi wa utafiti, Jonathan.

"Kaka, hili swali halipimi wanachojua. Linapima walivyolelewa."

"Dada Evelina, wewe soma kama lilivyoandikwa. Kila mtu akianza kufafanua kivyake, majibu tutayalinganishaje?"

"Na yule mtoto wa vizibo?"

"Mtoto gani tena? Mimi nina karatasi tu hapa."

Alichosema Jonathan kilikuwa na maana, na hilo ndilo lililomuudhi. Masele angeendelea kusifiwa adabu mpaka afike darasa la kwanza, halafu aanze kuitwa mkaidi. Basi Evelina alimaliza karatasi zake bila kuongeza neno, akakabidhi, ndipo akarudi Igogo mikono mitupu.

"Mama Masele, leo nimekuja kama jirani. Akiwa na watoto wenzake, huwatazama?"

"Hachezi nao."

"Na alipokuwa mchanga, ukimwogesha, alikuwa anakutazama?"

Mikono ya mama Masele ikasimama juu ya dagaa.

"Mimi nilidhani ananiheshimu," alisema.

Juma lililofuata walikwenda wote watatu hospitali. Ilikuwa usonji kweli. Sasa Masele anasoma kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, na Evelina amerudi kwenye cherehani yake. Ila mama akileta mtoto kupimwa sare, fundi huyo hukawia kidogo na futi shingoni, akitazama.

Mwaka huu Odeta, ambaye yuko kidato cha tatu, alimuuliza tena lile lile. Evelina akakata uzi kwa meno kwanza.

"Mbele ya mkubwa, macho hayakwambii kitu, wote tunainama. Mwangalie mtoto wakati ndege inapita angani. Wenzake watavutana mashati, 'Ona, ona!' Asipomwonyesha mtu, leo, kesho na keshokutwa, mimi sisemi ana shida. Namwambia mama yake, twende kwa anayejua."