Siku Mzee Mbithi Aliposikiliza Rap

Simu yangu ikipata moto mkononi, ile harufu ya plastiki hunirudisha Nunguni, juu ya jiwe lililokuwa nyuma ya zizi letu. Hapo ndipo mtandao ulipopatikana, na hapo ndipo nilipowapata watu wangu: marapa wasiojulikana hata na majirani zao. Siku hizi programu zinakuletea nyimbo mpya za dunia nzima kabla hujanawa uso, na vijana wanajiita wajuzi. Wajuzi wa nini? Wanalishwa kama kuku wa broila. Mimi niliwatafuta wangu kwa jasho. Nilikuwa na msichana wa Dakar, ndugu wawili wa Lima waliorekodi jikoni sufuria zikisikika, na kijana wa Accra ambaye mbwa alimbwekea katikati ya ubeti na asijali. Hawakuwa na kampuni wala meneja. Niliwahifadhi kwenye kadi ndogo ya simu ya mama, nikawapenda kuliko binamu zangu, ambao kusema kweli hawakuwa watu wa kupendeka.

Sasa kulikuwa na Mzee Mbithi, mzee wa kanisa letu. Kazi yake kubwa duniani ilikuwa kuingia nyumba za watu akinusa dhambi. Alinusa pia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, ikiiva, na ajabu ni kwamba dhambi na muthokoi alivipata daima katika nyumba moja. Mtu alimnong'onezea kwamba mtoto wa Mama Mwende, yaani mimi, anasikiliza ngoma mbaya. Jumamosi mchana tukamwona anaingia uani na spika ya kanisa begani.

"Mama Mwende," alisema, "hii kitu tuskize pamoja. Kama ni ya shetani, inaenda choo saa hii."

Baadhi ya wasanii wale walikuwa wameshafuta nyimbo zao mtandaoni. Kadi ikitumbukia chooni, basi wamekwisha. Mama aliitoa kadi kwenye simu, mzee akaichomeka kwenye spika, na kijana wa Accra akaanza. Kiitikio chake kilikuwa neno moja la Kiingereza, "now, now, now", mpaka pumzi imwishie.

Mzee Mbithi alivua kofia. Kwetu Ukambani, neno nau maana yake ni "baba yangu".

"Skiza vile analia," alinong'ona, macho yamelowa. "Nau, nau, nau! Anaita Baba wa mbinguni. Na ni Mkamba! Huyu ni mtu wa Kwa Vonza, hiyo sauti naijua. Hata mbwa inaskia uwepo."

"Ni kweli, mzee," mama akasema. "Umeskia vizuri. Kimbia uambie wengine."

Aliiombea kadi, akanirudishia, akaondoka mbio, muthokoi ingali mekoni. Jumapili aliwasimamisha vijana wa kanisa na kuwaamuru wamwige yule kijana wa Kwa Vonza. Niliketi nikiwadharau wote wawili: yeye kwa upumbavu wake, na mama kwa kuitikia upumbavu huo.

Mwaka jana mama alikuja kunitembelea Kitui mjini. Nilikuwa nikiucheza wimbo ule huku yeye akichambua mboga.

"Huyu bado anaambia msichana atoke nje sasa hivi?" akauliza. "Si angeoa tu."

Nilikuwa nimesahau miaka aliyouza machungwa pale Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, wasafiri wakimfokea "now, now" kutoka madirishani, basi likiondoka. Neno hilo, na Kiingereza kingine cha barabarani, alivijua kabla sijazaliwa. Ndipo nikaelewa dharau yangu niliirithi wapi, ila yake ilijua kunyamaza.

"Na mbona hukumwambia Mzee Mbithi?"

Aliniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Nimwambie, atupe kadi yako, halafu akae angoje muthokoi?"