Zafarani Haipikiwi Mutu Mumoja

Mimi hapana mutu wa hapa. Natoka Maniema, kule Kasongo, na serikali ndiyo ilinituma Butembo kufundisha. Batu benye kusema mutu anazoea baridi ya Butembo, basinidanganye. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, unavaa tricot mbili, na wenyeji banakuuliza kama uko mugonjwa. Ni batu bazuri. Banalima, banauza, siku ya Mungu banajaa kanisani, na mama mwenye nyumba yangu ni wa kwanza kunisalimia kila asubuhi. Mais nikifunga mulango ninakula bugali yangu nikiangalia ukuta. Ni upweke, na sioni haya kuusema.

Mama yetu alipokufa, jamaa baligawana masufuria na vitambaa. Mimi niliomba kachupa ka dawa tu, kenye alikuwa anachungamo zafarani. Zilibaki nyuzi chache nyekundu, nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Jirani yetu Mwislamu ndiye alimuletea kutoka Maka, akamufundisha na kazi yake: unaloweka nyuzi ndani ya maji ya vuguvugu tangu asubuhi, unaziacha mpaka maji yote yageuke manjano, halafu unayamwanga juu ya wali yenye kukaribia kuiva, unafunika. Harufu yake ilikuwa inafika mpaka barabarani. Kwetu ilikuwa ya Noeli, ya ndoa, ao ya mugeni wa mbali. Na mama alikuwa na sheria moja: zafarani haipikiwi mutu mumoja.

"Mwenye kuikula peke yake anakula kama mwizi," alikuwa anasema.

Donc nilikuwa nayo na sikuweza kuipika. Nilikuwa ninafungua kachupa, ninanusa, na kila mara harufu imepunguka kidogo. Niliogopa itakwisha kabla ya kupata mutu wa kula naye. Na hapana mutu yeyote tu. Wenyeji bangekula kwa heshima, halafu baulize sombe, majani yao ya muhogo, iko wapi. Nilitaka mutu mwenye anajua wali ya mama, tuikule pamoja mara moja ya mwisho, aniambie kwamba anaikumbuka sawa vile mimi ninaikumbuka. Wa namna hiyo alibaki mumoja tu: ndogo yangu wa tumbo moja, askari, mwenye kutumwa Beni. Beni hapana mbali. Lakini permission yake ilikuwa inatolewa leo, kesho inafutwa, na njia yenyewe unaijua, waasi banavizia magari. Kila mara alisema, "Yaya, mukubwa wangu, ninakuja," nami ninapanguza meza, kumbe haji.

Siku ya posho moja, ndiyo jumamosi, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Yaya, nimeshapanda gari. Safari hii ni kweli."

Mugeni njoo, mwenyeji apone! Nilichukua kopo yangu nyeupe, nikamwangamo nyuzi zote, sikubakisha hata moja, nikaweka maji ya vuguvugu na kuiacha pale nje, pembeni ya jikoni. Halafu nikashuka sokoni kutafuta kuku.

Sasa, mama mwenye nyumba ana tabia moja, na wanamuke bengi ba hapa bako nayo: chombo kichafu hakimupite mbele. Akikiona, anakiosha, kiwe chake ao cha jirani. Nilirudi na kuku yangu nikakuta kopo imeinamishwa juu ya meza ya vyombo, inang'aa.

"Mwalimu, nimekuoshea kopo," aliniambia, na furaha yake. "Mulikuwa maji ya zamani, na nywele ndani."

Nilikaa chini, juu ya bidon ya maji, na kuku mukononi. Nililia. Yeye akaogopa kabisa.

"Nani amekufa?"

"Mama."

"Mais mama yako si alikufa zamani?"

"Amekufa leo."

Nikamueleza. Alisikiliza mikono juu ya kichwa, akaingia kwake. Akarudi na kurkuma ndani ya kasashe, ule unga wa mizizi, ndugu ya tangawizi, wenye banaweka ndani ya mupunga hapa kwa siku kubwa. "Rangi ni moja," alisema kwa sauti ya chini. "Weka hii. Unisamehe." Nilikuwa na hasira, sitaficha. Lakini utamukasirikia namna gani mutu mwenye amekuoshea kopo? Niliweka.

Ndogo yangu alifika saa saba, mavumbi mpaka kwenye nyusi, amekonda. Nilimutilia wali. Nilimwangalia kinywa chake. Alitafuna, akasimama kutafuna, akafunga macho.

"Yaya," alisema. "Hii ndiyo yenyewe. Hii ndiyo wali ya mama."

Mama mwenye nyumba alikuwa mulangoni, ameleta maji ya kunawa. Aliniangalia, halafu akainamisha macho.

Ndogo yangu alikula na furaha, akaomba ingine, akaanza kuhadisia Noeli za kwetu, jirani yetu, harufu yenye kufika barabarani. Mimi nilikuwa ninasikia harufu ya kurkuma tu, harufu ya udongo.

"Mbona haukule, yaya?"

"Ninakula," nilimujibu. Alikuwa mbele yangu, magoti yetu yanagusana chini ya meza, na nilikuwa ninakula peke yangu, kama mwizi.