Mashavu wa Tope

Mashavu alipopata kazi kwenye mabirika ya maji machafu ya mji, mwaka ule watu walipoanza kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, majirani zake wa Korogwe ya Zamani walimpa jina: Mashavu wa Tope. Redioni walisikia kila siku kwamba kazi zote ni za heshima, wakaitikia kwa makofi. Kisha msibani kikombe alichonywea kikatengwa peke yake. Ebo! Watu hawana haya.

Maana kazi yenyewe ilikuwa kuwaokoa wao. Tangu enzi za mkoloni, tope la vyoo likizidi ndani ya birika lilizolewa na kumwagwa Mto Pangani, na hukohuko ndiko walikochota maji ya kunywa. Sasa Mashavu na wenzake walilitandaza juani kwenye vitalu vya mchanga, maji yakachujika, wakaligeuza kwa jembe mpaka likakauka na kusinyaa. Lundo la kujaza lori likabaki la kujaza mkokoteni, nalo lilifukiwa mbali na mto. Nani alimwambia ahsante? Hakuna!

Jioni alioga kwa sabuni, akabadili kanga, ndipo akamshika mama yake, Bi Zuena, aliyepooza mwaka mzima hajiwezi hata kugeuka. Akamsafisha, akamgeuza, akamlisha. Majirani walipita nje wameziba pua.

"Nikifa, unioshe wewe," Bi Zuena alimwambia. "Sitaki kuguswa na wanaonionea kinyaa."

Akafa Ijumaa asubuhi. Loo, siku hiyo nyumba ilijaa! Bi Mwaija, mwosha maiti wa mtaa, akasimama kwenye pazia la chumba na kumzuia Mashavu.

"Kaa nje, mwanangu. Mikono ya tope haimgusi maiti."

Bi Mwaija alikuwa mkubwa wake, na Mashavu hakuwahi kumjibu hata siku moja. Leo alimjibu.

"Bibi, mama amejichafua kitandani mwaka mzima. Wewe ulikuja lini? Hata hodi hukupiga! Alipokuwa ananuka, mikono hii ilifaa. Leo mmekuja na udi na karafuu maiti, ndiyo imekuwa michafu? Mama kaniusia nimwoshe mimi, na nitamwosha. Nipishe!"

Wanawake wakainamisha vichwa. Mashavu akapita, akatia udhu, akapandisha mikono ya gauni. Bi Mwaija akamfuata ndani amenuna. Wakamlaza marehemu ubavu, na bibi yule akauona mgongo wake.

Alikuwa ameosha wengi waliolala muda mrefu kabla ya kufa. Aliijua migongo yao, ilivyooza kwa vidonda hata katika nyumba za watu wenye majina. Mgongo wa Bi Zuena haukuwa na kidonda hata kimoja.

Bi Mwaija akachukua kata ya maji.

"Osha wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nitakumwagia."

Mashavu akaanza na mkono wa kulia wa mama yake.