Shemeji na kitabu chake cha miti

Leo nimemweza shemeji yangu, jamani!

Tangu mlima uporomoke ukafukia nyumba yangu, naishi kwake na dada hapa Mbale. Kila jioni ananisomea kitabu cha mzee mmoja wa zamani aliyependa misitu. Eti nijifunze subira kwa miti.

Leo nikamnyang'anya, nikasoma mwenyewe mbele ya wageni wake. Ukurasa uleule anaonisomea, chini kidogo, mzee anaeleza kwamba mizizi ndiyo inayoshika mlima.

Nikamuuliza, "Shemeji, miti ya mlimani, juu ya nyumba yangu, si wewe uliyeikata iwe kuni za sherehe ya tohara ya mwanao?"

Shemeji anawaongezea wageni chai. Dada anaangalia sahani.

Mzee yule nimempenda kweli.

Nimekosa adabu? Semeni tu. Kesho jioni nasoma mimi.