Ufito wa Faiba wa Kiembe Samaki

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimamishwa nje ya chumba cha mjane, huko Mkunazini, nikaambiwa niingie peke yangu. Bosi wangu tulimwita Bwana Mnadi, kwa kuwa sauti yake ndiyo iliyonadi vitu vya marehemu kila warithi walipotuita. Yeye hakuweza kuingia. Mwenye chumba alikuwa katika eda, na mwanamume asiye maharimu wake hapaswi kukaa naye chumbani. Ndiyo sababu nikaajiriwa. Msidhani nilichaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa kuwa mwanamke.

"Ingia, Mwanakheri," aliniambia. "Shika kila kitu, usisafishe kitu. Na usitaje bei mbele ya mwenye msiba."

Kazi yenyewe inaitwa uthamini. Mtu akifa, mali yake hugawiwa warithi kwa mafungu ya sheria, lakini kabati halikatwi kwa msumeno. Anaitwa mthamini aseme kila kitu kina thamani gani, ili huyu achukue kabati, yule achukue cherehani, na mizani ikae sawa. Siku hizi vijana wanapiga picha kwa simu na kutafuta bei mtandaoni. Sisi tulitumia vidole, pua na masikio.

Bwana Mnadi alifundisha kwa maneno machache na makaripio mengi. Nikisema "nadhani," ananijia juu: "Kudhani kafanye kwenu. Hapa sema unachokiona." Nililia sana chini yake, na nilijifunza sana. Niliamini kabisa kwamba uthamini wa haki ndio unaozuia ndugu kushikana mashati. Imani hiyo ndiyo iliyonitia nguvu miaka yote.

Baadaye nikahamishiwa Shangani, kwenye duka letu la vitu vya kale. Meneja wa huko alikuwa bwana mwembamba, mkali kama pilipili mbuzi, na huko ndiko nilikozijua fito za kuvulia za wageni. Watu waliokuja kufanya kazi hapa zamani walileta fito za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, kitu kile kile kinachotengenezewa boti. Wakiondoka waliziacha. Nyingine zilikuwa za namna ya peke yake: mvuvi hatumii chubwi la risasi la kuzamishia, anarusha mshipi mzito wenye chambo chepesi cha manyoya, kilichofungwa kikafanana na mdudu au dagaa. Ufito wa namna hiyo utaujua kwa kitako chake. Pa kufungia kigurudumu cha mshipi pako mwisho kabisa, nyuma ya mkono.

Meneja aliuinua mmoja dirishani. "Unaona nini?"

"Rangi ya asali, na mwanga unapita."

"Hiyo ndiyo faiba ya zamani. Mweusi usiopitisha mwanga ni wa kaboni, mambo ya juzi."

Akaniagiza niubiringishe juu ya meza: ukirukaruka, umepinda. Nikaukunja kidogo karibu na sikio. Ukilia tik, kiungo cha vipande vyake viwili kimelegea. Nikatazama nyuzi zinazoshika vipete vya waya vya kupitishia mshipi: uzi wa asili umezama ndani ya vanishi, uliofungwa upya unakaa juu juu. Nikapapasa mpini, ule wa gome laini linalotengenezewa vizibo vya chupa, kama haujapigwa msasa. Nikasoma maandishi madogo juu ya mpini. Mwisho akanipa vipande viwili vya ufito niviweke sambamba.

"Vikilingana, uzima upo. Cha juu kikiwa kifupi, ncha ilivunjika. Na kipande kimoja peke yake si kitu."

"Hata kikiwa kizuri?"

"Hata kuni hakifai. Faiba haipikii."

Nilicheka. Sikujua nitakuja kuyakumbuka maneno hayo nikiwa na machozi.

Nilikuwa nimekaribia kustaafu tulipoitwa Kiembe Samaki. Marehemu alikuwa nahodha wa boti, ujanani akimpeleka mhandisi mmoja wa kigeni kuvua kwenye maji mafupi. Mhandisi alipoondoka alimwachia ufito wake. Mjane, Bi Asya, alikuwa katika eda. Watoto walikuwa wawili: Khamis, anayekodisha vyumba kwa wageni Paje, na mdogo wake Zuhura, aliyebaki nyumbani akimuuguza baba.

Ufito niliukuta juu ya kabati, ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Nikaufanyia yote niliyofundishwa. Haukuwa na kasoro hata moja. Kilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote mle ndani, na nikatoka nao sebuleni, nikauweka mezani nikamweleza shekhe aliyesimamia mirathi: mmoja auchukue, mwenzake afidiwe kwa vitu vingine, au uuzwe wagawane.

"Hauuzwi," alisema Zuhura. "Baba kaniahidi mimi."

"Kakuahidi lini? Mie kaniambia toka nikiwa mdogo."

"Ungejuaje, kaka? Mwaka mzima mgonjwa ndani, wewe uko Paje na wazungu wako."

Khamis akaunyakua ufito mezani akauchomoa kwenye kiungo. "Haya. Mwanamume mpini, mwanamke ncha. Tushagawana."

Kutoka chumbani Bi Asya aliita, "Khamis!"

"Naam, mama."

"Vitie pamoja, mwanangu."

Hakuvitia. Nilimwambia wazi kwamba ukiutenga hauna thamani tena kwa yeyote. Akanijibu kwa adabu, "Bi Mwanakheri, thamani yake mie naijua," akaondoka na nusu yake. Toka siku hiyo hawakusemezana.

Eda ilipokwisha, Bi Asya aliniita. Ufito wenyewe hakuwa na haja nao. Alitaka wanawe waingie nyumbani pamoja kabla hajafa, na akaniomba niende kwa kila mmoja nimwambie arudishe kipande chake. Nilikwenda Paje. Khamis alikuwa amekipigilia kipande chake ukutani kama pambo la wageni, msumari umepita katikati ya mpini. Sikuweza hata kuusogelea.

"Aanze yeye," alisema.

Nikarudi kwa Zuhura. Alikuwa amekifanya kipande chake fimbo ya kutundikia pazia la dirisha lake. "Aanze yeye," naye akasema.

Nilimpelekea mama majibu hayo. Hakulaumu mtu. Alinitazama tu, akasema, "Basi."

Alipofariki, kila mtoto alileta mthamini wake. Mimi niliitwa na shekhe. Wathamini wao, wanawake wawili nisiowajua, walikuwa wananisubiri mlangoni, nikafungua chumba. Hakikuwa na kitu. Bi Asya alikuwa ameshagawa kila kilicho chake kwa majirani, angali hai na kwa mkono wake: kitanda, masanduku, mikufu, hata buli la kahawa. Ulibaki mkeka na msala wa kuswalia. Hakutaka kuwaachia wanawe kitu cha kugombania.

Khamis alisimama kizingitini. "Sasa tumekuja kugawana nini?" aliuliza, wala hakumtazama dada yake.

Mwezi ule ule nikastaafu. Mnaniuliza vijana kazi hii ilinifaa nini, mkitaka niwape moyo. Sina. Nilijua kutofautisha uzi wa asili na uliofungwa upya, na faiba na kaboni, na nilikuwa hodari, nasema bila haya. Lakini sijaona hata familia moja iliyopatana kwa sababu nilitaja bei ya haki. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nimelima mpaka mgongo umepinda, kapu lingali tupu.

Juzi Zuhura alinijia hapa nyumbani Mkunazini.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

Akazungumza hili na lile, kisha akauliza, anatazama pembeni, "Kaka hajambo?"

"Mgonjwa. Wiki ya pili sasa yuko kitandani. Mkewe kanambia hali chakula."

"Mwambie namwombea dua."

"Siendi kumwambia. Nenda wewe. Gari za Paje zipo mpaka magharibi."

Alisimama, akajifunga mtandio wake, akanibusu mkono. Nilitoka nikamsindikiza mpaka kituo cha gari cha Darajani, ninaomba Mungu kimoyomoyo. Alipanda gari ya kurudi kwake, Kiembe Samaki.